YAH: Malalamiko kuhusu wapagazi kupandishwa Rwenzori bila vifaa vya mvua

Ndugu Meneja,

Nimerudi juzi kutoka milima ya Rwenzori, Uganda, safari ya siku saba niliyoinunua kwenu. Kilele cha Margherita, mita 5,109, sikukifikia kwa sababu ya ukungu. Hilo silalamikii, mlima una yake. Ninalolalamikia ni namna mlivyowapandisha watu waliotubebea mizigo.

Ankara yenu inasema bei imejumuisha makoti ya mvua na gambuti za wapagazi. Nililipa yote kabla ya kuondoka. Lakini pale Nyakalengija, tulikoanzia kupanda, asubuhi ya kwanza, watatu kati ya wapagazi wetu walipokea mizigo wakiwa na kandambili. Nilipouliza, mwakilishi wenu alijibu kwamba vifaa viko njiani. Havikufika hadi tunashuka.

Siku tuliyovuka kinamasi cha Bigo, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Njia ya mbao haifiki kila mahali. Kwingine unaruka kutoka fungu moja la nyasi hadi jingine, na ukikosea unazama hadi magotini. Mimi nilikuwa na gambuti. Kijana aliyebeba begi langu alikuwa amevaa kiroba alichokitoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Kandambili yake moja ilimezwa na matope, akaendelea peku. Begi langu lilifunikwa turubai jipya lenye nembo yenu. Nguo zangu zilifika kambi ya Bujuku zikiwa kavu. Yeye alifika anatetemeka, chai ikimmwagikia vidoleni kabla hajaifikisha mdomoni.

Bujuku iko mita 3,962. Nguo ikilowa huko haikauki, na usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Ninyi mnauza safari za mlima huu, mnajua kwamba hata Julai, mwezi mnaouita wa kiangazi, mvua haikosi. Siwezi kukubali kuambiwa ilikuwa bahati mbaya.

Sidai kurudishiwa nauli yangu. Nadai fedha za vifaa vile ziwafikie vijana wale watatu mkononi, nami nipate maelezo ya maandishi ndani ya siku 14, yakieleza fedha hizo zilikwenda wapi. Majina yao mnayo kwenye orodha ya safari. Msipojibu, nitapeleka suala hili kwa mamlaka inayosimamia hifadhi.

Nimeambatanisha ankara na picha za siku ya Bigo.

Mteja wenu