Malalamiko Kuhusu Kifaa cha Kutafsiri Kilichouzwa kama cha Kujifunzia Kifaransa

Arusha

Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA ZA KIFAA CHA KUTAFSIRI CHA MFUKONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwongoza watalii, mkazi wa Arusha. Mwezi Machi mwaka huu nilinunua kifaa chenu kwa wakala wenu wa hapa mjini kwa shilingi 480,000. Juu ya boksi mmeandika kwa herufi kubwa kwamba mtu atajifunza Kifaransa kwa Kiswahili, popote alipo, bila intaneti. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa pesa mfukoni, na ndiyo ninayoyalalamikia.

Nianze na hilo la intaneti. Kiswahili hakifanyi kazi bila mtandao. Kiingereza kwenda Kifaransa kinafanya kazi vizuri hata porini, lakini nikichagua Kiswahili kifaa kinadai mtandao kwanza. Kazi yangu iko Ngorongoro na Serengeti, ambako unaweza kuendesha gari muda mrefu simu haina hata kijiti kimoja. Huko ndiko nilikokihitaji.

Hilo ningeweza kulivumilia, maana jioni nikirudi kambini mtandao upo. Nisichoweza kukivumilia ni kile ambacho kifaa kinafundisha mtandao ukiwepo.

Kiswahili chenu hakiendi kwenye Kifaransa moja kwa moja. Kinapitishwa kwanza kwenye Kiingereza, na hamkusema popote, si kwenye boksi wala kwenye kitabu cha maelekezo. Dalili ziko wazi: mara nyingine neno la Kiingereza linabaki katikati ya sentensi ya Kifaransa. Na hasara yake ni kubwa kwa mtu anayejifunza. Nikiwauliza wageni wawili wazee, "Mmelala salama?", kifaa kinatoa "As-tu bien dormi ?", yaani namna ya kumsemesha rafiki au mtoto, na mmoja tu. Kiswahili changu kilishasema ni wengi. Kifaransa nacho kina "vous" kwa wengi na kwa heshima. Lugha zote mbili zina njia ya kusema jambo hilo, ila katikati mmeweka lugha ambayo "you" yake inameza wote, na njia inapotea hapo. Kwa kazi yangu hilo si dogo. Mgeni mzee huwezi kumwamkia kama kijana mwenzako, kwao wala kwetu.

"Yeye" nayo daima inageuka mwanamume. Nimemzungumzia mgeni wa kike aliyefika jana, nimepewa "Il est arrivé hier". Mwanafunzi angepaswa kuonyeshwa "elle est arrivée", na aone kwamba hata kitenzi kinaongezewa herufi "e" mwishoni. Kifaa kingeweza kuniuliza tu: ni mwanamke au mwanamume? Hakiulizi.

Kilichoniumiza zaidi ni saa. Niliandika ratiba ya wageni wangu kutoka Lyon: tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kifaa kikaandika "douze heures". Kwa Mfaransa hiyo ni saa sita mchana. Mtu anayejifunza akilitazama jibu hilo ataliona sahihi kabisa, kwa sababu kumi na mbili ni "douze", ndivyo alivyofundishwa. Wageni walilala wakijua wana asubuhi nzima ya kupumzika. Tulipotoka jua lilikuwa limeshakuwa kali na simba wameshajificha kivulini, na ilikuwa siku yao ya mwisho Serengeti. Watu wa Afrika Mashariki tunahesabu saa hivi kila siku. Kampuni inayouza Kiswahili ilipaswa kulijua hilo kabla ya kupanga bei.

Maneno ya kazi yetu pia hayakuangaliwa. Niliandika "pale kuna swala wengi", nikapewa "beaucoup de prières", yaani sala nyingi. Kusoma neno "wengi" peke yake kunatosha kujua ni wanyama. Za msikitini zingekuwa nyingi. Na kila jina la mnyama linakuja tupu: "lion", "girafe", bila "un" (ya kiume) wala "une" (ya kike). Kamusi ya kawaida ya karatasi huweka "m." au "f." pembeni ya kila nomino, kwa sababu bila hiyo huwezi kuunda sentensi moja iliyo sawa. Kifaa cha bei hii hakina. Vitenzi navyo huwezi kuvinyambua. Ukitafuta "aller" (kwenda) utapewa "aller", wala hutaambiwa kwamba mtu husema "je vais" (ninakwenda) na kesho "j'irai" (nitakwenda).

Mgeni wa Ubelgiji akitaja "septante" au "nonante", kifaa hakitambui. Ndivyo wasemavyo sabini na tisini Wabelgiji, Waswisi na jirani zetu wa Kongo. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Arusha tunakisikia Kifaransa hicho zaidi, na tangazo lenu liliwataja hao hao majirani.

Sitawanyima haki yenu. Sauti ya kifaa ni safi, na imenisaidia kutofautisha "vin", "vent" na "vont", jambo ambalo vitabu haviwezi. Kama mngekiuza kama kifaa cha kusikilizia matamshi, na kwa bei yake, nisingeandika barua hii.

Nilipiga simu kituo chenu cha huduma, nikaambiwa nisasishe programu. Nimesasisha, majibu ni yale yale. Wakala anasema boksi likishafunguliwa fedha hazirudi, ingawa waranti ya miezi 12 bado ipo.

Naomba mnirejeshee shilingi 480,000 zote. Naomba pia muondoe maneno "bila intaneti" kwenye boksi kwa upande wa Kiswahili, na mwandike wazi kwamba tafsiri inapitia Kiingereza. Vijana wengi hapa wanajiandaa na mitihani ya DELF, ya cheti cha Kifaransa, na wanachangishana fedha kununua kifaa hiki. Wana haki ya kujua wanachokinunua.

Nimeambatanisha nakala ya risiti ya EFD, kadi ya waranti, na picha za skrini zenye sentensi zote nilizozitaja. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu,
Mwongoza watalii, Arusha