Wakili wa Kristo si wa mahakamani

Mhariri,

Mimi ni katekista mstaafu. Mwaka wangu wa mwisho kufundisha, mtoto wa kipaimara aliniuliza: "Yesu ana kesi gani hata awe na wakili?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka. Lakini swali lilikuwa na mashiko, maana hata watu wazima hulikwaa jina hili la Papa, "Wakili wa Kristo".

Wakili hapa ni anayetenda kwa niaba ya mwenyewe. Hachukui nafasi yake, kama wanavyodai wanaotushambulia sisi Wakatoliki. Zamani mapapa walizoea kujiita mawakili wa Petro. Inosenti III, aliyeongoza kuanzia 1198 hadi 1216, ndiye aliyelitilia mkazo "Wakili wa Kristo". Wala si la Papa pekee: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake juu ya Kanisa ya 1964, unawaita maaskofu nao mawakili wa Kristo (jambo ambalo, nakiri, sikuwahi kulifundisha).

Mwenyewe napenda zaidi "Mtumishi wa watumishi wa Mungu", alilolitumia Papa Gregori Mkuu. Juu ya hilo, yule mtoto hakuuliza kitu.

Katekista mstaafu