Risala ya wachuuzi wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, siku ya kufungua banda la dharura la mtaa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu, wavuvi, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukashuka mwaloni.

Mheshimiwa, Ziwa Tanganyika lilipanda mwaka 2020 na 2021, likarudia 2024. Ziwa hili linatolewa maji na mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo yakishapanda hayana haraka ya kushuka. Anayehama na godoro kichwani huhama miezi. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kipindupindu kiliwakumba wakimbizi wa Burundi kule Kagunga, kijiji cha mpakani, na boti za Kagunga hushushia abiria hapa hapa.

Ndani ya banda utaona ndoo zenye koki, dawa ya kutibu maji, pakiti za ORS (chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), machela, redio ya betri, na daftari la wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu, nyumba kwa nyumba. Limeandikwa kwa penseli, maana watu huhama, huzaliwa na hufariki. Ukutani tumepaka 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, kubwa kiasi cha kuonekana hata na aliyesahau miwani.

Siku za kawaida tunafanyia vikoba humu, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na jioni watoto hufanya hesabu zao. Ni kwa makusudi. Banda likikaa na kufuli mpaka maafa yaje, siku hiyo mtaa mzima utaanza kumtafuta mwenye ufunguo. Wetu uko kwa mama muuza vitumbua hapo jirani. Saa kumi alfajiri keshawasha jiko.

Changamoto kubwa ni umeme. Ukikatika tunaazima betri za wavuvi, zile za taa za kuvulia dagaa. Siku za mbalamwezi hawavui, betri zipo nchi kavu. Siku za giza zimo ziwani, nasi tunabaki na tochi za simu. Upepo wa ziwa hili hauangalii mwezi! Tunaomba betri mbili na paneli ya sola, ziwe mali ya banda.

Ombi la pili ni dogo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi za chini. Yetu ipo, ila wajumbe hawajafundishwa huduma ya kwanza.

Tunaomba kuwasilisha. Baada ya kukata utepe, karibu ugali wa muhogo na dagaa.

Ni sisi, wachuuzi wa dagaa, Kibirizi.