Mwanangu, usikae macho peke yako

Mikindani, Mtwara
Jumapili jioni

Mama,

Huku wote wazima. Bibi yako anakohoa kidogo, lakini anagombana na kila anayepita barazani, kwa hiyo ujue hana neno.

Matroni wenu alinipigia Alhamisi. Hakusema umeharibu kitu. Alisema usiku hukutwi kitandani, unakutwa kwenye ngazi za bweni umejitanda kanga, na mchana unasinzia kipindi cha Kemia. Nikamuuliza, ameomba dawa? Akasema hajaomba. Na wewe ulikuwa umepiga kwa simu yake hiyohiyo, ukaniuliza habari za mbuzi, tukacheka, ukakata. Sasa nakuuliza kwa barua, maana kwenye simu unajua kunizungusha: unalala saa ngapi, na miguu imeanza kukuuma lini?

Najua unachoogopa. Unadhani nikijua nitaomba uhamisho. Sikufichi, siku majina ya kidato cha tano yalipotoka mjomba wako alikuja hapa hata maji hakunywa: "Mtoto wa selimundu na Njombe wapi na wapi?" Na ana haki yake. Sisi bahari tunaisikia tukiwa kitandani, ninyi huko mko karibu mita 2,000 juu, na umefika Julai, baridi ikiwa kali kabisa. Mishipa ya damu ikipigwa na baridi inajibana, na hizo seli zako za damu zenye umbo la mundu hazitaki njia nyembamba. Lakini PCB, hiyo Fizikia, Kemia na Biolojia, uliipata kwa jasho lako, na mimi ndiye niliyesema aende. Hapa mtaani wananikimbia nisiwasimulie tena matokeo yako. Barua ya uhamisho sijaandika. Ukiendelea kukaa kwenye ngazi usiku bila kumwamsha mtu, nitaiandika, na usije ukalia.

Yule nesi wa kliniki alitueleza vizuri sana, wewe ukawa unachezea simu yangu. Alisema maumivu yanafukuza usingizi, hilo kila mtu analijua. Lakini na usingizi ukikosekana, kesho yake maumivu yanaongezeka, hata kama hakuna kingine kilichobadilika mwilini. Halafu usiku unaofuata ndio unazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo unapojikaza ukakesha, usifikiri umeyashinda maumivu. Umeyaongezea nguvu ya kesho.

Umri wako unataka saa 8 hadi 10 za kulala. Ninyi prepo, kujisomea kwa usiku, inaisha saa nne usiku, mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye msomi: hata ukilala papo hapo hazitimii. Na vijana wa rika lako usingizi huwajia wakiwa wamechelewa, ndivyo mwili ulivyo. Bibi yako hilo hakubali, anasema ni uvivu wa kisasa. Nimeweka cheti cha daktari ndani ya bahasha ya kaki. Kimeandikwa usikimbie mchakamchaka na usioge maji ya baridi. Mpe matroni mkononi. Usikifiche ndani ya tranka ili wenzako wasiseme unadeka. Wakisema, waache waseme.

Hivi kweli unaoga maji ya baridi alfajiri? Usinijibu uongo.

Hilo la kuamka kwenda kukojoa, mama, si ugonjwa mpya na si aibu. Figo za mwenye selimundu hazishiki maji kama za mwingine, ndiyo maana hata hapa nyumbani ulikuwa unaamka. Sasa nasikia umepunguza kunywa maji ili usitoke nje usiku. Hapo ndipo uliponikasirisha. Maji yakipungua mwilini, damu inazidi kuwa nzito na maumivu yanakuja. Kunywa mengi kuanzia asubuhi, tembea na chupa yako darasani, jioni endelea taratibu. Chai ya rangi acha baada ya alasiri, ile inafukuza usingizi. Halafu omba kitanda cha karibu na mlango, na sweta liwe juu ya mto, si ndani ya tranka.

Ukikosa usingizi, kuinuka kitandani si kosa. Wanasema hata ni afadhali kuliko kugaragara na kuhesabu mabati. Kosa ni kwenda kukalia saruji ya baridi. Inuka ukae hapohapo kitandani na blanketi, pumua polepole hadi tumboni, kaza vidole vya miguu kidogo kisha uvilegeze, panda hivyohivyo hadi mabegani. Ile chupa ngumu niliyokuwekea itie maji ya moto, yasiwe ya kuchemka, izungushie kanga mara mbili, iweke pale panapouma. Barafu usikubali, hata mwenye huruma akikuletea.

Dawa ya maumivu ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi yako, kwa saa zilizoandikwa. Hizi diklofenaki za kupeana bwenini sitaki kuzisikia, figo zako zina mzigo wa kutosha. Haidroksiyurea, ile dawa yako ya selimundu, ni kila siku, unaumwa au huumwi. Nimehesabu vidonge nikajumlisha na ulivyobaki navyo, kwa hiyo ukiruka nitajua. Na homa ikifika 38, au kifua kikibana, au ukishindwa kupumua vizuri, hapo hakuna kupumua polepole wala chupa. Mwamshe matroni, mwende hospitali usiku huohuo.

Kuna daftari dogo la kijani. Kila siku andika saa uliyolala, saa uliyoamka, ulipoumia, na maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Usiniandikie mbili, mbili, mbili kama mtu anayenakili. Daktari atalitaka likizo.

Mdogo wako naye tumempima. Hana ugonjwa, amebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu kama mimi na mama yako. Kila mimba ilikuwa na robo ya kuupata, na robo ikakuangukia wewe. Mama yako bado anaihesabu hiyo robo, akiwa jikoni unamsikia. Mimi huwa natoka nje.

Shambani Nanguruwe tumeanza kupulizia salfa. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe, umeanza kwenye mikorosho ya bondeni, lakini ile ya juu ina maua mazuri, na mnada ukienda vizuri Oktoba nauli yako ya Desemba haina shida. Bomba la kupulizia limeharibika tena, fundi anataka pesa kuliko bei ya bomba. Yule mbuzi uliyemuulizia amezaa mapacha.

Mzigo utabadilishwa gari Songea, nimemlipa kondakta, usimpe hela nyingine. Mna blanketi zito, soksi za bibi yako (za sufu, ni mbaya kuzitazama lakini zivae), ming'oko iliyochemshwa ambayo uile siku hiyohiyo, na korosho kilo mbili. Matroni amekubali upige Jumapili baada ya chakula, na safari hii mbuzi tutamwongelea mwisho.

Mama yako anasema korosho ni za kula. Za mwaka jana anajua uliziuza.

Baba yako