Wapimaji wa chipu nao waandikwe

Mhariri,

Kila mnapoandika habari za kiwanda cha chipu (vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta) kilichoko Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, mnasifu mashine na vyumba visivyoingia vumbi. Kazi ya kupima mnaipitia mbio. Mimi ni fundi wa simu na vifaa vya boti hapa Maweni, Malindi (vijana huniita Bi Fundi), na naona hapo ndipo watoto wetu wa Pwani wanapoweza kuingilia.

Kasoro za chipu ni za namna mbili. Mteja akileta simu inayozimazima, nikabadilisha chipu ikapona, basi huenda kasoro ilikuwa ya ile moja tu. Lakini mchoro ukikosewa, chipu zote hutoka na kasoro ileile, kama matofali ya kalibu iliyopinda. Hapo badilisha utakavyo. Ndiyo yaliyoikuta Intel, kampuni ya Marekani ya kutengeneza chipu, mwaka 1994. Profesa Thomas Nicely, huko Virginia, Marekani, alikuwa akipiga hesabu zake za namba tasa, akagundua kuwa Pentium, chipu ya kompyuta ya Intel, inagawanya vibaya. Ndani ya chipu mna jedwali la kusaidia kugawanya, na nafasi kadhaa zilikuwa zimeachwa tupu kimakosa. Kiwanda hakikukosea, kilitengeneza kilichochorwa! Kampuni ikatenga dola milioni 475 kufidia hasara.

Ndiyo maana mchoro hujaribiwa kwenye kompyuta kabla kiwanda hakijaguswa. Kazi yenyewe haina haraka: sekunde moja ya chipu kubwa yaweza kula siku na siku kuiigiza, basi mpimaji lazima achague la kujaribu. Vipande vingine huthibitishwa kwa hesabu tupu kwamba haviwezi kukosea. Chipu zikishatengenezwa hupimwa tena, kwanza zingali pamoja kwenye kaki ya silikoni (sahani nyembamba zinamotengenezewa), kisha kwa joto kali na volti za kupanda na kushuka.

Upimaji ule wa mchoro hauhitaji kiwanda. Verilator na Icarus Verilog ni programu za bure za kuigiza mchoro; naziendesha dukani kwenye laptopu kuukuu, stima isipopotea. Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne ameshaanza kuutega mchoro wa kikokotozi kidogo: kugawanya kwa sifuri, namba zilizozidi nafasi, kitufe cha kuanza upya kubonyezwa katikati ya hesabu. Ana jicho baya la kuona kasoro, na kazi hii yataka jicho baya.

Vyuo vya ufundi vya Kilifi vianzishe somo hili. Nanyi mkienda Nyeri tena, msiishie kwa mkurugenzi; mtafuteni mpimaji mmuulize jana alikamata nini.

Bi Fundi,
Maweni, Malindi