Kaka, Facebook si daladala

Shikamoo kaka,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi. Jumapili uliisifu sana sheria ya huko kwenu Texas ya mwaka 2021: mtandao wenye watumiaji zaidi ya milioni 50 kwa mwezi nchini Marekani usimfute mtu kwa ajili ya mtazamo wake. Uwe kama treni au kampuni ya simu, ukasema. Mwenye nauli abebwe.

Hapo ulinipata. Wewe na mimi tumeachwa sana kituoni na sare zetu za shule, konda akichagua watu wazima kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ilikuwa ndogo. Konda yule alihitaji sheria, tena kali.

Lakini daladala ikishakushusha Kariakoo imemaliza kazi. Facebook inapakia kila mtu, halafu inapanga nani akae dirishani, nani apewe kipaza sauti na nani asukumwe nyuma asionekane. Hiyo ni kazi ya mhariri. Julai 2024 Jaji Elena Kagan wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika hivyohivyo, kwamba kuchuja na kupanga machapisho ni kujieleza, na katiba yao inalinda kujieleza huko. Kesi za kupinga sheria ya Texas na ile ya Florida inayofanana nayo zikarudishwa mahakama za chini.

Sisemi wenye mitandao waachwe watambe. Ujumbe ninaokutumia WhatsApp ni mzigo wetu wawili. Huo waubebe tu, hauwahusu. Ukurasa wanaoupanga wenyewe ni wao, pamoja na lawama zake. Kinachoniudhi ni kwamba wakiguswa wanajiita wahariri, na wakishtakiwa wanakimbilia kifungu cha 230 cha sheria ya Marekani ya mwaka 1996: maneno si yetu, ni ya abiria!

Na ndani ya sheria yako kuna kipande ambacho hukukitaja kabisa. Mitandao itangaze kanuni zake, anayefutiwa chapisho aambiwe sababu, na awe na pa kulalamika. Hicho ningekipigia kura hata leo.

Halafu kuna suala la mjomba. Wewe ndiye admini wa kundi la ukoo, na ulimtoa kwa siasa zake za alfajiri mpaka usiku. Hukumwambia sababu, mpaka leo anadhani simu yake ni mbovu. Najua, tuko watu 43 tu, sheria ya Texas haikufikii. Mpigie hata hivyo.

Msalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako