Kombe lina jina la mtu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Kocha anataka uache kinanda ili jioni zako zote ziwe za tenisi, nawe unataka kujua mimi nasemaje.

Lile kombe analonyanyua bingwa wa kike wa tenisi wa Australian Open kule Melbourne, Australia, kila Januari, tangu 1934 linaitwa kwa jina la Daphne Akhurst. Alizaliwa Sydney mwaka 1903. Alisomea piano katika chuo cha muziki cha New South Wales, akahitimu kuwa mpigaji na mwalimu. Raketi hakuiweka chini.

Mwaka 1925 aliingia fainali ya ubingwa huohuo wa Australia, palepale Sydney, dhidi ya Esna Boyd. Seti ya kwanza alifungwa 6-1. Hebu fikiria, mbele ya watu wa kwao! Ya pili akaing'ang'ania mpaka akaichukua 8-6, ya tatu 6-4. Ubingwa huo aliutwaa tena 1926, 1928, 1929 na 1930. Esna naye namheshimu mno: alishindwa fainali tano mfululizo, akarudi 1927 na kulichukua taji.

Mwaka uleule wa 1925, Daphne alisafiri na timu ya kwanza ya wanawake wa Australia kwenda kucheza ng'ambo. Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, akafika robo fainali. Aliporudi huko 1928 alifika nusu fainali, akahesabiwa wa tatu duniani. Na ujue, enzi hizo mashindano hayo hayakuwa na zawadi ya fedha.

Aliolewa 1930, na mwaka uliofuata bado alishinda ubingwa wa wawili wawili pamoja na Louie Bickerton. Januari 1933 mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ilimuua, akiwa na miaka 29. Aliacha mtoto wa kiume, mdogo mno hata kumkumbuka mama yake. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote.

Basi kinanda usikiache, mwanangu. Kocha nitaongea naye mwenyewe, kwa adabu, kwani najua anakutakia mema. Mwalimu wa kinanda ameshakubali kukufundisha Jumamosi asubuhi, ili jioni ubaki na mazoezi yako. Nijulishe kama saa tatu inakufaa.

Akupendaye,
Mama